Je, Kima Naye Huliliwa?

  

 Kila mwaka katika jarida letu hili sisi walimu huandika juu ya twahara, swala, saumu na adabu za mwenye kutafuta elimu. Mwaka huu tumeomba nafasi tuandike juu ya kosa tulilolifanya wenyewe mbele ya wanafunzi wetu. Tumeona si haki kwa mwalimu kuwasahihisha watoto kila siku, naye akikosea anyamaze.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Mvua ya Tukuyu mnaijua wenyewe: ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri, hata tukawa tunasomesha kwa kupaza sauti. Wanafunzi wa Juzuu Amma walikuwa wakirudia sura kwa pamoja. Tukamwona binti mmoja wa miaka tisa, anayekaa kijiji cha jirani na msitu wa Mlima Rungwe, amenyamaza na machozi yanamtoka. Tulipomwuliza, jirani yake alitangulia kujibu: "Ustadhi, anamlilia kima!" Darasa zima likaangua kicheko.

Tukamtaka aseme mwenyewe. Akaeleza kwamba baba yake alitega mitego ya waya pembeni mwa shamba la mahindi, na asubuhi ile alikuwa amenaswa mtoto wa kima. Yeye ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa bado anahema. Akakimbia kumwita baba yake, lakini baba alipofika na panga la kukatia waya, kamnyama kalikuwa kamekwisha kufa. Na juu ya mti, alisema, mama yake alikuwa akilia na hakukubali kuondoka.

Sasa sikilizeni tulivyomjibu. Tulimwambia: "Binti yangu, kima hana hesabu wala Pepo. Wenzako wanalilia dhambi zao, wewe unamlilia mwizi wa mahindi? Futa machozi, usome." Darasa likacheka tena, na sisi tukacheka pamoja nalo. Binti akainama akasoma. Chozi moja lilidondokea ukurasani, naye akalifuta upesi kwa ncha ya mtandio wake ili lisiharibu maandishi. Jumapili hakuja. Jumamosi iliyofuata hakuja. Jumapili yake pia hakuja.

MTEGO WETU

Kilichotukosesha usingizi katika wiki ile hakikuwa utoro peke yake. Wanafunzi hukosa darasa kwa sababu nyingi, hasa wakati wa mvua. Kilichotusumbua ni kwamba maneno tuliyomwambia yule binti tulikuwa tumejiambia sisi wenyewe miaka mingi iliyopita, na hayakutusaidia.

Utotoni mwetu tulilelewa na bibi mzaa mama, katika kijiji kilicho chini ya mlima huuhuu. Bibi hakuwa Muislamu. Alikuwa Mmoravian, kama walivyo wazee wengi wa Rungwe. Alikuwa na migomba, viazi na kishamba cha mahindi kilichopakana na miti. Kazi yetu baada ya shule ilikuwa kulinda shamba. Tulipewa debe bovu na kijiti tupige kelele kima wakitokea.

Kazi ile ilituchosha. Tulitaka kucheza mpira na wenzetu. Basi siku moja tukachukua waya wa breki za baiskeli iliyokufa, tukafunga tanzi kama tulivyoona vijana wakubwa wakifanya, tukalifunga kwenye mti palipokuwa na njia yao, kisha tukaenda kucheza. Hatukumwambia bibi. Kesho yake tulikuta mtoto wa kima amenaswa shingoni. Alikuwa mdogo, pengine hajaachishwa kunyonya. Mama yake alikuwa kwenye mti, akishuka mpaka tawi la chini, akituona anapanda, kisha anashuka tena.

Bibi alipofika hakutupiga. Alilegeza tanzi kwa vidole vyake, akamlaza yule mdogo chini, akakata jani la mgomba akamfunika. Akasema maneno machache tu: "Huyu naye ana mama." Kisha akatushika mkono tukaondoka, ili yule mama apate nafasi ya kushuka. Jioni tulijificha nyuma ya jiko tukalia. Kaka yetu alipotukuta alitucheka, akasema kima haliliwi. Nasi tukajifuta uso. Tangu siku ile tulijifunza kucheka pale tulipotaka kulia, na baada ya miaka zaidi ya ishirini tukamfundisha hivyo hivyo mtoto wa mwenzetu, tena katika chumba cha kusomea Qur'ani.

KIPUNJI WA MWAKA 2005

Ndugu msomaji, katika wilaya yetu hii kuna mtoto mwingine wa jamii ya kima aliyekufa mtegoni, na habari zake zimefika duniani kote, ingawa wengi wetu hapa Rungwe hatuzijui vizuri. Tunaomba tuzieleze.

Wazee wa Kinyakyusa, hasa wawindaji, walikuwa wakimtaja mnyama mwenye haya aitwaye kipunji, anayekaa juu sana mitini katika msitu wa mlima. Wengine walimwona ni wa hadithi tu. Mwishoni mwa mwaka 2003 watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, lenye makao yake New York, walimwona kwa macho yao katika msitu wa Rungwe na Livingstone. Kiongozi wao alikuwa Tim Davenport, na miongoni mwao walikuwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona katika milima ya Udzungwa, mbali na hapa. Mwezi wa tano mwaka 2005 makundi yote mawili yakaitangazia dunia kwa pamoja. Ni mnyama wa rangi ya kahawia yenye kijivu, uso mweusi, tumbo jeupe, na juu ya kichwa ana kishungi cha nywele zilizosimama. Sauti yake ni mlio mzito usiofanana na wa kima mwingine yeyote.

Wataalamu wakabishana. Walikuwa na picha na sauti zilizorekodiwa, lakini hawakuwa na mwili wa mnyama mwenyewe wa kuupima. Na kwa kuwa ilionekana wazi kwamba wanyama hawa ni wachache, watafiti hawakutaka kumwua hata mmoja kwa ajili ya elimu. Tulifurahi tuliposoma jambo hilo, maana ni adabu njema katika kutafuta elimu.

Kisha, mwaka huohuo wa 2005, mkulima mmoja wa huku Mlima Rungwe alikuta mtegoni, katika shamba lake la mahindi, kipunji dume ambaye alikuwa bado hajafikia utu uzima. Alikuwa amekwisha kufa. Mwili wake ukawafikia watafiti. Wakapima fuvu lake, meno yake na vinasaba vyake, ndipo wakagundua jambo ambalo picha zisingeweza kuwaonyesha: kwa vinasaba, kipunji ana undugu wa karibu na nyani kuliko na wale kima aliofananishwa nao kwanza. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani ukoo wake wa kisayansi, nao ukaitwa kwa jina la mlima wetu: Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya jamii ya kima kupatikana Afrika baada ya miaka 83. Mwili wa yule kijana umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago, Marekani.

Tunapolifikiri jambo hili tunaona mambo mawili yanayogongana. Jina la Rungwe limo katika vitabu vya elimu duniani kwa sababu ya mdogo mmoja aliyekwenda kutafuta mahindi asirudi. Elimu ilifaidika, nasi tunamshukuru Mungu kwa elimu. Lakini magazeti yaliyoandika habari ile yaliandika juu ya ugunduzi. Kifo chenyewe kilitajwa kwa sentensi moja, kwamba alikutwa mtegoni. Hatumlaumu yule mkulima. Alikuwa analinda chakula cha watoto wake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mnyama yule ni wa aina ya peke yake duniani. Sisi wenyewe tulitega kwa sababu ya mpira tu.

Watafiti walipowahesabu kipunji wote kwa mara ya kwanza, hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuwa wanyama 1,117 tu, katika makundi 38. Hao ndio wote duniani, Rungwe, Kitulo na Udzungwa kwa pamoja. Ni wachache kuliko wanafunzi wa baadhi ya shule zetu za msingi. Al-hamdulillah, tangu hapo msitu wa Mlima Rungwe umefanywa hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 2009, na sensa ya baadaye ilikuta wameongezeka hadi karibu 2,000. Kumbe binadamu akiamua kuacha madhara, viumbe hurudi.

WATU WALIOMLILIA DUBU

Huenda mzazi mmoja akasema: "Haya ya kuwalilia wanyama ni mambo ya Wazungu." Ni kweli kwamba huko Ulaya yametokea mambo makubwa ya namna hii. Katika bustani ya wanyama ya Berlin, Ujerumani, alizaliwa dubu wa barafu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2006, akaitwa Knut. Mama yake alimkataa. Mtunzaji wa bustani, Thomas Dörflein, akamlea kwa chupa ya maziwa, akilala karibu naye usiku. Watu walimiminika kumtazama. Mtunzaji yule alifariki mwaka 2008, na mwezi wa tatu mwaka 2011 Knut naye akafa ghafla, akatumbukia majini mbele ya macho ya mamia ya watu waliokuja kumwona, akiwa na miaka minne tu. Watu wazima na watoto walileta maua, picha na barua, wakalia hadharani. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa wa ubongo.

Wako waliowacheka watu wale, nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulisema: wanamlilia dubu, na binadamu wangapi wanakufa kwa njaa? Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mtu akimlilia mnyama akawa hana chozi kwa yatima wa jirani yake, mizani yake imeharibika. Lakini tujiulize kwa uadilifu: sisi tuliocheka, je, kicheko chetu kilimlisha yatima yeyote? Moyo mgumu kwa mnyama haujawahi kuwa dalili ya moyo laini kwa binadamu. Aghalabu ni moyo uleule.

Tofauti ya Knut na yule kipunji wetu ni kwamba Knut alikuwa na jina, na watu walimwona akikua. Kipunji wetu alijulikana baada ya kufa. Yule binti wa darasani alikuwa na bahati kuliko wengi, maana alimwona kiumbe akiwa bado anahema. Ndiyo maana alilia.

ABU UMAYR NA NDEGE WAKE

Usiku mmoja katika wiki ile tulifungua madaftari yetu ya zamani, ya wakati tukisomea diploma ya masomo ya Kiislamu. Tulikuwa tukitafuta jambo jingine. Tukakuta hadithi ya Abu Umayr, ambayo imo katika Bukhari na Muslim.

Abu Umayr alikuwa mtoto mdogo wa Madina, mwana wa Ummu Sulaym, na ndugu wa Anas bin Malik (R.A.) kwa mama. Alikuwa na kindege kidogo alichokuwa akichezea, na kindege kile kikafa. Mtume (S.A.W.) alikuwa na mazoea ya kuitembelea nyumba ile. Alipomwona mtoto ana huzuni aliuliza ana nini, akaambiwa ndege wake amekufa. Basi akamwita kwa heshima ya kunia yake, kama anavyoitwa mtu mzima, akamwuliza kwa upole na utani mwema habari za kindege chake.

Fikirini ni nani aliyeuliza. Ni kiongozi wa umma, mwenye wajumbe wanaomngoja, mwenye vita na mikataba na wahyi unaomteremkia. Naye hakuona kwamba huzuni ya mtoto juu ya ndege ni jambo dogo la kupitwa.

Katika daftari letu tulikuwa tumeandika kwa wino mwekundu mambo yanayotokana na hadithi hii: kwamba inajuzu mtoto kupewa kunia, inajuzu kufuga ndege maadamu analishwa na hateswi, inajuzu kufanya utani usio na uongo. Mwanazuoni Ibn al-Qass wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 335 Hijria, alitoa humo faida sitini. Tuliikariri hadithi, tukafanyia mtihani, tukapata alama nzuri. Lakini mtoto aliyekuwa akilia ndani ya hadithi hatukumwona. Alipokuja kukaa mbele yetu kwenye mkeka wa darasa letu, tulimcheka.

Tena tuligundua kwamba hata tulilosema kwa jina la dini lilikuwa na kasoro. Tulisema kima hana hesabu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa aliyempiga kwa pembe. Qur'ani imetueleza kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Na imepokewa na Abu Daud kwamba safarini masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Tuliposoma hapo tukakumbuka tawi la chini la mti ule wa utotoni, na yule mama akishuka na kupanda.

TULIKWENDA KWAO

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, tulipanda bodaboda tukaenda nyumbani kwa yule binti. Baba yake alitukaribisha barazani. Tulimweleza ukweli, kwamba binti hakuwa na kosa, mwenye kosa ni mwalimu. Mzee yule alishangaa kidogo. Akasema: "Ustadhi, mimi nilidhani ameacha kuja kwa kuwa anaumwa tumbo. Ndivyo alivyoniambia."

Binti akaitwa. Tukamwuliza mbele ya baba yake, kwa sauti isiyo ya darasani: "Binti yangu, yule kima wako ilikuwaje?" Alitutazama kuona kama tunamcheka. Alipoona hatucheki, akatueleza upya, kirefu kuliko mwanzo. Akasema alikuwa na vidole kama vya mtoto mchanga, na kwamba yeye ndiye aliyemzika, karibu na mgomba, bila kumwambia mtu. Akauliza: "Ustadhi, nimekosea kumzika?" Tukamwambia kwamba mnyama haoshwi, haswaliwi wala hafanyiwi matanga, lakini kumfukia ardhini ni usafi na hakuna kosa. Na kuhusu machozi tukamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, akafundisha kwamba jicho hutoa chozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi la kumchukiza Mola. Kinachokatazwa ni kujipiga, kuchana nguo na kupiga mayowe. Huruma ya moyo Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiweka.

Ndipo baba akasema lake, na ni haki tuliandike, maana mkulima naye ana haki. Alisema: "Ustadhi, mimi si katili. Mwaka jana kima walinimalizia mistari sita ya mahindi kabla hayajakomaa. Hawa watoto watakula machozi?" Hatukuwa na jibu jepesi. Tulimkumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Akatabasamu, akasema: "Sadaka nitatoa, lakini mstari mmoja, si sita."

Tukazungumza mpaka karibu na Magharibi. Tulikubaliana kwamba mwenye shamba ana haki ya kuzuia madhara, lakini azuie kwa njia iliyo nyepesi kwanza: kelele, debe, mbwa, moshi, na kuvuna mapema yaliyokomaa upande wa msituni. Waya hauchagui. Humnasa mkubwa na mdogo, mwenye kula mahindi na mpita njia, na humwua polepole. Na huku kwetu unaweza kumnasa kipunji, mnyama ambaye sheria ya nchi inamlinda na ambaye dunia nzima haina wa akiba.

Mzee yule alisimama akachukua panga, tukaenda naye shambani. Alikata nyaya mbili zilizokuwa karibu kabisa na msitu. Zilizobaki aliziacha. Akasema: "Hizi nitazitoa nikiona hao walinzi wako, Ustadhi." Hatukumlaumu.

Jumamosi binti alirudi madrasa. Kabla ya kuanza somo tulisimama mbele ya darasa, tukasimulia habari ya mtego wetu wa waya wa breki, na ya bibi yetu, na jani la mgomba. Tukamwomba radhi yule binti mbele ya wote waliomcheka. Palikuwa kimya. Kisha mvulana mmoja mtundu, aliyecheka kuliko wote siku ile, akanyosha mkono akasema: "Ustadhi, mimi nilimpiga mbwa wa jirani kwa jiwe akavunjika mguu." Akafuata mwingine, na mwingine. Siku hiyo hatukumaliza sura tuliyokusudia, na hatukujuta.

Tangu hapo hadi mavuno, vijana wetu wa darasa la juu walikwenda kwa zamu, wawili wawili, siku za mapumziko, kulinda shamba lile kwa madebe. Hatutaki kuwadanganya wasomaji: kima walikula mahindi kiasi, na siku mbili vijana walisinzia. Lakini mwezi wa sita mzee alitufikishia debe moja la mahindi ya futari ya madrasa kwa Ramadhani ijayo, na ndani yake alikuwa ameweka nyaya zote zilizobaki, zimekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Wanafunzi wetu wapenzi, tunawaachia mambo haya machache.

Kwanza, msimcheke mwenzenu anayelia kabla hamjajua kinachomliza. Huenda ameona jambo ambalo ninyi hamkulitazama.

Pili, huruma kwa kiumbe mdogo ni mlango wa huruma kwa wote. Atakayezoea kuufunga mlango huo utotoni atapata taabu kuufungua ukubwani, kama tulivyopata sisi.

Tatu, chozi peke yake halitoshi. Waliomlilia Knut hawakuweza kumrudisha, na yule kipunji wa mwaka 2005 yumo kwenye jumba la makumbusho. Ila waliobaki hai msituni tunaweza kuwaacha waishi. Mkiona tanzi la waya njiani, waambieni wakubwa. Mkitumwa kulinda shamba, lindeni, wala msiuachie waya kazi yenu mkaenda kucheza.

Nne, wazazi wetu, mtoto akija nyumbani analia kwa ajili ya kuku, paka au kima, mwulizeni habari zake kabla ya kumwambia anyamaze. Ni sunna iliyo nyepesi kuitekeleza, nasi walimu tulikuwa tumeisahau.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatega na tuliyoyasema, amrehemu kila mwenye kurehemu viumbe Vyake, na azijaalie nyoyo za watoto wetu ziwe laini bila ya kuwa dhaifu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.